Pikipiki iliyotumika: usinunue betri kabla hujapima

Injini ya pikipiki iliyotumika unaisikia kwa sikio siku hiyohiyo unayoinunua. Umeme haujisemi. Wiki ya pili ndipo stata inapolia "tak" na kunyamaza, au unakanyaga breki indiketa nayo inawaka kwa mbali. Hapo wengi hukimbilia duka la spea kununua betri. Betri mpya inavuta wiki mbili, kisha nayo inalala.

Hapa nazungumzia zaidi pikipiki ndogo za 12V za cc 100 hadi 150, Boxer, TVS na ndugu zao wa Kichina, hasa zilizokuwa bodaboda. Kwenye pikipiki hizi ubovu mwingi wa umeme hautoki kiwandani. Umeletwa na mikono: mmiliki aliyetaka chaja ya simu, fundi aliyekuwa na haraka, mtu aliyetaka taa za rangi chini ya tenki. Kwa hiyo kabla ya kupima chochote, fungua kiti na tenki, fuata kila waya usiofanana na wenzake, usio na soketi, uliofungwa tepu juu ya tepu. Kama unaanzia kwenye betri bila kupita kwenye fyuzi, uchomoe na uufunike ncha. Ukikuta kisanduku kidogo cheusi kimefichwa ndani ya tepu, huenda ni kifaa cha kufuatilia pikipiki za mkopo. Usikikate kabla hujahakikisha mkopo umeisha, la sivyo utapata wageni.

Sasa mita ya kupimia umeme. Ya bei ndogo inatosha. Pikipiki ikiwa imelala saa kadhaa, pima betri kwenye nguzo zake zenyewe: 12.6V hadi 12.8V imejaa, 12.2V ni kama nusu, chini ya 12V imeisha. Usiishie hapo. Acha mita ikiwa imeshika nguzo, bonyeza stata. Ikishuka hadi 7V au 8V ilhali uliichaji ikajaa, betri imekufa ndani. Ikibaki juu ya 12V na stata inalia "tak" tu, betri haina kosa: umeme unakwama njiani, kwenye rilei ya stata, nati iliyolegea, au waya mnene wa hasi unaoshika bodi.

Huo waya wa hasi ndio unaodharauliwa kuliko yote. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha bonyeza stata. Mita ikisoma 0.1V au 0.2V, sawa. Ikifika 0.5V na kuendelea, kuna kutu au rangi katikati. Fungua bolti, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi juu. Kipimo hiki hakikugharimu shilingi, na kimeokoa stata nyingi zisinyongwe bure.

Ndiyo pia siri ya ile indiketa inayowaka ukikanyaga breki. Balbu ya nyuma ikikosa njia yake ya kurudi kwenye hasi, umeme unatafuta njia nyingine, unapita ndani ya uzi wa balbu jirani. Usibadilishe balbu wala flasha, kile kifaa kinachopepesa indiketa. Tafuta waya wa hasi wa taa za nyuma, mara nyingi uko chini ya madigadi palipojaa matope.

Kuchaji: washa injini, washa taa kubwa, vuta mafuta hadi katikati. Kwenye betri utegemee 13.8V hadi 14.5V. Ikipita 15V, rektifaya, kifaa kinachogeuza na kudhibiti umeme wa kuchaji, imeshindwa kuzuia, na ndiyo sababu balbu zinaungua moja baada ya nyingine na betri inavimba. Ikibaki 12.4V na kushuka, haichaji. Chomoa soketi inayotoka kwenye magneti, ile inayozalisha umeme ndani ya injini. Ukikuta nyaya tatu za rangi moja, weka mita kwenye AC, washa injini kwa kiki, pima mbili mbili: masomo yote matatu yawe karibu sawa na yapande pamoja na mafuta. Moja ikiwa chini mbali na wenzake, koili imeungua. Injini ikiwa imezimwa, mita isionyeshe nyaya hizo tatu zimeshikana na bodi kabisa. Lakini angalia: pikipiki ndogo nyingi zina magneti ya fezi moja ambayo ncha moja imeunganishwa na bodi kwa makusudi. Mafundi hutupa magneti nzima kwa kutojua hilo.

Magneti ikiwa sawa, usikimbilie rektifaya kabla hujatazama soketi yake. Plastiki iliyogeuka rangi ya chai ni dalili ya pini iliyolegea na kupata moto. Na rektifaya yenyewe inapoa kwa kushika chuma na kupata upepo. Ukiikuta inaning'inia kwa mpira chini ya kiti, umeshajua kilichoiua ya kwanza.

Betri inachajiwa vizuri lakini asubuhi imelala? Kuna kitu kinakunywa usiku. Zima ufunguo, toa waya wa hasi, weka mita ya ampea kati ya waya huo na nguzo, ukianzia tundu la 10A. Usiguse stata wakati huo, utaunguza mita. Pikipiki isiyo na alamu inatakiwa isome karibu na sifuri. Ukiona 50mA, piga hesabu: kwa saa 24 ni 1.2Ah, na betri ya 5Ah inakauka kwa siku nne. Chomoa kitu kimoja kimoja mpaka namba ianguke.

Fyuzi sasa. Karatasi ya pakiti ya sigara si fyuzi. Fyuzi hailindi balbu, inalinda waya, na waya ukipiga shoti bila fyuzi unaungua pamoja na wenzake wote kwenye fungu. Rudisha namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, kwa kawaida ampea 10 au 15.

Kama kila fyuzi unayoweka inakatika, usimalize pakiti. Chukua balbu ya taa kubwa ya 12V 35W, iunge mahali pa fyuzi. Haiwezi kupitisha zaidi ya kama ampea 3, kwa hiyo hakuna kitakachoungua. Zima taa zote, washa ufunguo. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, shoti ipo. Sasa tembeza mkono juu ya fungu la nyaya, ukitikisa kidogo: shingoni mwa usukani, chini ya tenki, karibu na ekzosi, chini ya kiti. Pale balbu itakapofifia ghafla, simama. Mkono wako uko juu ya shoti.

Shingoni mwa usukani kaa zaidi, maana nyaya zinakunjwa hapo kila kona. Geuza usukani kushoto na kulia ufunguo ukiwa umewashwa. Taa ya nyutro ikizima na kuwaka, vuta waya mmoja mmoja taratibu. Ule ambao shaba yake imekatika ndani utanyooka kama mpira. Kata palipooza, chuna, unga kwa kulehemu, vika mpira wa kusinyaa kwa moto. Kusokota na kufunga tepu kunadumu mpaka mvua ya kwanza.

Injini isipowaka, CDI, kile kisanduku kinachoamuru cheche ya plagi, iwe ya mwisho kulaumiwa. Kabla ya kuinunua, angalia swichi nyekundu ya kuzimia kwenye usukani.