Siku moja maishani mwangu: afisa rasilimali watu

Saa mbili kasoro asubuhi. Kabla ya kufungua barua pepe napita ghalani na kwenye dawati la wateja, nasalimia. Mchangamfu akiwa kimya siku mbili tatu, napenda nijue mapema.

Saa tatu. Msimamizi wa zamu ananijia na malalamiko: kijana wake mmoja anachelewa na anawafokea wenzake mbele ya wateja. "Ni mkaidi huyu, mpe barua ya onyo." Namwomba anieleze alichokiona na kukisikia, maana neno "mkaidi" halinipi pa kuanzia. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross aliueleza mwelekeo huu wa kulaumu hulka ya mtu na kusahau mazingira yanayombana. Nakutana nao karibu kila wiki.

Saa nne namwita kijana mwenyewe. Nauliza kazi inakwendaje tangu ratiba ibadilike, kisha nanyamaza. Yanatoka kidogo kidogo. Anatoka zamu moja na kuingia nyingine baada ya mapumziko ya saa nane tu, humo humo asafiri, ale, alale. Usingizi ukipungua hivyo, hasira huwa karibu kwa yeyote. Lakini kinachomuuma zaidi ni kwamba wafanyakazi wapya wamepewa zamu nzuri bila maelezo. Mwanasaikolojia John Stacey Adams aliandika mwaka 1963 kuwa mfanyakazi hupima haki kwa kulinganisha anachotoa na anachopata na vile vya wenzake. Akijiona anapunjwa, huenda akapunguza bidii. Ndicho ninachokisikia hapa.

Kufoka mbele ya wateja sikukuachia. Nimemwambia wazi hakukubaliki, hata kwa aliyechoka. Amekubali kuwaomba radhi wenzake, nasi tutaonana tena baada ya wiki mbili.

Mchana nakula na wenzangu. Kesi ya mtu haifiki mezani.

Saa nane narudi kwa msimamizi, na hapa ndipo penye kazi ngumu. Anabisha: akibadili ratiba ataonekana ameshindwa. Namwelewa, naye ana malengo ya mwezi yanayomkaba. Namwonyesha kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya inataka mapumziko ya saa 11 mfululizo kila siku, tukianzia hapo hatuonei mtu. Tunahesabu majina, tunahamisha zamu, mwisho inawezekana.

Saa kumi naandika kumbukumbu: nani atafanya nini, lini. Barua ya onyo sijaiandika. Ijumaa msimamizi atabandika ratiba mpya, na ameahidi kueleza mbele ya wote zamu zimegawanywaje.