Zambarau ya Ukumbini

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 2010, nikisafisha picha kwenye studio moja Kariakoo, upande wa Msimbazi. Asubuhi hiyo akaingia shangazi wa bibi harusi na picha ya sendoff tuliyomtolea wiki ile, ile kubwa ya inchi 20 kwa 30. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku anaikunjua picha juu ya kaunta. Kisha akachomoa mkobani kipande cha kitambaa, masalio ya sare yao, akakilaza juu ya picha, pale pale kwenye bega lake mwenyewe.

"Haya, mwanangu. Hebu niambie mashangazi tulivaa rangi gani."

Walivaa zambarau. Picha ilisema bluu, tena bluu ya sweta la shule, isiyo na ubishi.

Mpiga picha hakuwa wa kwetu, alituletea mafaili kwenye flashi. Nikaifungua faili. Kioo chetu cha kompyuta tulikuwa na desturi ya kukipima kwa kile kifaa kinachoning'inizwa mbele yake kusoma rangi: weupe wa kelvini 6500 (kelvini ndicho kipimo cha rangi ya mwanga), mwanga kama kandela 100 kwa mita ya mraba, maana kioo kikiwaka kupita kiasi unaona picha yako imenawiri, halafu kwenye karatasi inatoka giza. Kwenye kioo hicho nako sare ilikuwa bluu. Profaili ya karatasi, yaani maelezo yanayoiongoza printa jinsi karatasi ile inavyopokea rangi, ilikuwa ndiyo yenyewe. Faili ilikuwa ya sRGB, mfumo wa rangi uliotoka kwa HP na Microsoft mwaka 1996, ambao mashine nyingi za picha huuchukulia kuwa ndio wa kila faili. Printa ilikuwa imetii ilichoambiwa.

Mzee mwenye studio akatoka nyuma, akakishika kitambaa, akakigeuzageuza.

"Hapa kosa halijaanzia kwa printa, mama. Zambarau nyingine zinaisumbua kamera. Jicho linauona wekundu uliomo ndani yake, kamera inaupunguza. Wekundu ukiondoka, inabaki bluu."

"Kwa hiyo kamera haina macho?"

"Inayo, ila si kama yako."

Mzee alikuwa na subira na mambo haya kwa sababu alianzia kwenye filamu. Alizoea kutusimulia kadi za Kodak za kupimia rangi, zenye picha ya mwanamke wa Kizungu aliyeitwa Shirley. Maabara zilirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley ikae sawa, na miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa ngozi ya kipimo. Sisi tukitoka weusi tii, meno tu ndiyo yanaonekana, ilikuwa shauri yetu. Ndiyo maana kwenye studio yake marekebisho ya otomatiki yalizimwa moja kwa moja. Mtu akiyawasha, alikuwa anapandisha sauti.

Nikaanza na njia ya mkato: kuongeza majenta kwenye picha nzima. Sare ikasogea vizuri, lakini uso wa bibi harusi ukaiva wekundu. Nikaacha, nikazigusa rangi za bluu peke yake. Hapo mapazia ya ukumbi, ambayo kweli yalikuwa bluu (kamati ilikuwa imependekeza hivyo, shangazi akanihakikishia, na yeye hakuafiki), nayo yakageuka zambarau. Ikabidi kuzungusha maski, ule mpaka unaoichora sehemu ya kurekebishwa peke yake, kwa mkono, gauni moja baada ya jingine, mabega, vilemba, mpaka ule mkono wa mama mmoja aliyekuwa amejificha nyuma ya keki. Kazi ya namna hii haina ujanja.

Sikuchapa picha nzima. Nilikata eneo la bega lile tu, nikatoa vipande vyembamba kwenye karatasi ile ile, kila kimoja na wekundu wake. Nikaviacha vikauke kwanza, maana wino mbichi unadanganya. Shangazi akavuta stuli, akawa analaza kitambaa kando ya kila kipande, midomo kaibana. Mwishowe akapata kimoja. Chini ya taa ya tyubu ya dukani usingejua karatasi inaishia wapi na kitambaa kinaanzia wapi.

Nikamwomba tutoke nacho mlangoni, kivulini. Huko nje vikaachana: kitambaa kikawaka wekundu, kipande kikabaki nyuma. Rangi ya nguo na wino wa printa ni vitu viwili tofauti, vinaweza kupatana chini ya taa moja na kugombana chini ya nyingine. Nikaona nimepata la kumfundisha. Nikamweleza kwamba wachapaji hukagua kazi kwenye mwanga wa mchana uliokubaliwa, kelvini 5000, kwa hiyo tufuate ya nje.

Akanitazama. "Mwanangu, sendoff ilikuwa usiku. Na picha naitundika sebuleni kwangu Tabata, si hapa barabarani."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sioni lililo bora kuliko hoja yake. Kipimo cha kelvini 5000 kinatusaidia mafundi tuelewane sisi kwa sisi. Yeye alikuwa anataka picha ya mahali pamoja, ukutani pake, juu ya kochi. Nikamuuliza sebuleni ana taa gani.

"Balbu zile za njano. Hizi nyeupe zinaniumiza macho."

Mzee akaleta taa ya mezani yenye balbu ya njano, tukazima tyubu, tukavuta pazia la mlango. Kwenye mwanga ule kipande alichokichagua kilionekana kimezidi wekundu. Nikapunguza kidogo, nikatoa kingine, tukasubiri. Safari hii hakulaza kitambaa. Alikishika mbali kidogo na macho, akacheka peke yake.

"Ndiyo hii. Hii ndiyo tuliyochezea."

Picha kubwa ilipotoka na kukauka, akaikagua chini ya balbu ile ile, akahesabu pesa za fremu kwa uangalifu mkubwa, akanikabidhi. Nikamgusia kwa adabu habari ya karatasi na wino wa vile vipande vya majaribio vilivyotapakaa mezani.

"Hivyo?" akasema, huku anakikunja kitambaa chake. "Hivyo ni vya kwako, baba. Mimi nimekuja na cha kwangu."