Kiingereza cha Kale Kinachoishi Milimani

Yeyote aliyewahi kusoma ombi lililowasilishwa katika Mahakama Kuu ya Milimani hapa Nairobi huenda amekutana na neno "SHEWETH", limekolezwa wino na kupigiwa mstari, mara tu baada ya jina la mwombaji. Maana yake ni "laonyesha": ombi la fulani laonyesha kwamba hivi na hivi. Majuzi nilikuwa nikipitia rasimu moja na rafiki yangu wakili, nikaona kompyuta yake imelichorea neno hilo mstari mwekundu kana kwamba vidole viliteleza. Hakujali. Alisema ndivyo alivyolikuta katika faili za wakili aliyemfunza kazi, na bila shaka huyo naye alilirithi kwa mwingine.

Neno hilo moja limebeba ukale wa aina mbili. Kwanza, kuna "e" mahali ambapo leo huandikwa "o". Tahajia ya "shew" ilikuwa ya kawaida Uingereza hadi karne ya 19, ikitamkwa sawa na "show", na mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw aliendelea kuitumia hata katika karne ya 20. Pili, kuna kiishio cha kitenzi "-eth", ambacho leo ni "-s" kama katika "shows". Hicho kilikuwa cha watu wa kusini, ilhali wenzao wa kaskazini walitumia "-s", ambayo ilishuka hadi London na kushika mizizi katika karne ya 16. Shakespeare alivitumia vyote viwili, mara nyingi kwa kufuata mizani ya mshororo, lakini wafasiri wa Biblia ya Mfalme James, iliyotoka mwaka 1611, waling'ang'ania "-eth". Jambo linalonifurahisha zaidi ni kwamba mwaka 1643 mwalimu mmoja, Richard Hodges, alieleza kwamba watu walikuwa wakiandika "-eth" huku wakitamka "-s". Rafiki yangu, ambaye hulisoma neno hilo kwa sauti na silabi zake zote, anaheshimu kiishio ambacho Waingereza wenyewe walikuwa wameanza kukimeza karibu miaka 400 iliyopita.

Kanisani mambo yamepinduka kwa namna nyingine. Waumini wanaosali Sala ya Bwana kwa Kiingereza husema "thy name" (jina lako), nao huihisi "thy" kuwa lugha ya unyenyekevu mkubwa. Zamani "thou" (wewe) na "thy" (-ako) yalikuwa maneno ya kumwambia mtoto, mtumishi au mtu wa karibu, na mkubwa ndiye aliyeitwa "you", ambalo asili yake ni la wingi. Mungu aliitwa kwa neno la ukaribu. Lilipotoweka katika mazungumzo ya kila siku na kubaki katika sala, likavikwa joho ambalo halikuwa lake. (Lile "Ye Olde" la vibao vya maduka ya Uingereza ni kiini macho tu: "y" hiyo ilishika nafasi ya herufi ya kale ya sauti "th", kwa hiyo neno ni "the", na zamani lilitamkwa hivyo hivyo.)

Waingereza wenyewe wamekuwa wakiyafagia maneno ya kale mahakamani. Kanuni mpya za kesi za madai zilipoanza kutumika Uingereza na Wales mwaka 1999, "plaintiff" (mdai) aligeuka kuwa "claimant". Kanuni zetu za mwaka 2010 zilimbakisha "plaintiff" pamoja na "plaint" yake (hati ya madai), na sioni ubaya wowote, kwa kuwa karani na wakili wote wanajua wanachokizungumzia.

Kinachoniudhi ni mikataba ya mauziano ya ardhi. Mtu amejinyima miaka mingi anunue ploti Kitengela, halafu anawekewa mbele karatasi yenye "hereinafter" (kuanzia hapa) na "the said" (aliyetajwa) kila mstari, na ndani yake maelezo kwamba neno "Vendor" (muuzaji), pale muktadha unaporuhusu, linajumuisha "his heirs and assigns" (warithi wake na wale anaowahamishia haki zake). Wengi huruka hapo wakidhani ni mapambo ya kisheria, watafute bei na tarehe ya kumaliza malipo. Kumbe hicho ndicho kifungu ambacho mnunuzi atakishikilia siku watoto wa muuzaji watakapokuja kudai kwamba hawakuuza chochote. Ningetaka kiandikwe waziwazi, kwa Kiingereza au Kiswahili: muuzaji akifa, warithi wake watafungwa na mkataba huu.