Siku moja maishani mwangu: wakala wa pesa za simu mwenye OCD, Majengo Dodoma

Saa 11 alfajiri naamka, nameza kidonge changu cha fluoksetini, dawa ya OCD, ugonjwa wa akili wa mawazo yanayokulazimisha kurudiarudia mambo, naoga ndoo moja. Nasema moja makusudi maana zamani nilikuwa namaliza tatu, na huku kwetu Nkuhungu maji ni ya mgao, tuligombana sana nyumbani. Saa 1 kibanda kiko wazi, jirani na soko la Majengo. Mpaka saa 4 ni kutoa, kuweka, luku, basi.

Watu wanaona wakala ni mtu wa kukaa kivulini na simu. Jamani hii kazi inachosha kichwa, ukikosea tarakimu moja hela imeenda kwa mtu mwingine na ni mtaji wako. Sasa uifanye ukiwa na OCD. Sio kupenda usafi na sio jini, mama alinizungusha kwenye maombi miaka miwili akiamini ni jini, simlaumu. Ni wazo linaingia lenyewe, umempunja yule, hujafunga, mikono yako itawaletea watoto ugonjwa, na unajua kabisa halina kichwa wala miguu ila halikuachi mpaka uhesabu tena, unawe tena, halafu linarudi na nguvu zaidi.

Natibiwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Najua hapa Dodoma hilo jina watu wanalitumia kama tusi. Mimi naenda kliniki asubuhi, mchana niko kazini. Dawa ilichukua karibu miezi mitatu ndio nikaona tofauti, mwanzoni ilikuwa kichefuchefu tu nikataka kuacha, muuguzi akasema vumilia, kwa ugonjwa huu inaweza kufika wiki 8 mpaka 12. Yeye ndiye alinipa na mazoezi: shika noti chafu usinawe mpaka muda wa kula, hesabu mara mbili kama wakala yeyote, ya tatu ni ya ugonjwa. Nilidhani ananionea. Akaniambia hayakuanza kwake, kuna mwanasaikolojia wa London, Victor Meyer, aliandika mwaka 1966 kuhusu wagonjwa waliozuiwa hivyo hivyo wakapata nafuu.

Saa 5 na nusu akaja kaka mmoja anatoa 380,000. Wekundu 38. Nikahesabu mara mbili, nikampa, akaondoka. Hazikupita dakika kumi huyu hapa, sauti juu, foleni nzima inasikiliza, "Dada umenipunja elfu kumi!" Mikono ikafa ganzi. Hilo neno ndilo kichwa changu kinaniambia kila siku, sasa linatoka kwenye mdomo wa mtu. Nikamwambia kaka hesabu hapa mbele yangu, sikuzigusa. Akahesabu, 37. Akarudia, 37. Mama mmoja wa mboga kwenye foleni akasema hebu lamba kidole, si noti mpya hizo. Mbili zilikuwa zimegandana, huwezi kuona kama ni mbili. 38. Akasema "haya" akaenda zake, samahani hakuna.

Kwa mtu mwingine imeisha hapo. Kwangu ndio imeanza. Nimeziona kwa macho yangu, na foleni imeziona, lakini kichwa kinasema je kama yule mama kakuhurumia tu, je kama uliyempunja ni yule wa kabla yake, kamtafute. Nahudumia watu natetemeka, droo iko hapo magotini, dakika mbili tu ningehesabu nikatulia. Sikuhesabu. Nikaandika kwenye daftari, wasiwasi 9 kwa 10, nilivyofundishwa, uandike namba uendelee na kazi. Baadaye 8. Wali maharage nilikula umeshapoa, sijui ilikuwa saa ngapi, upepo unamwaga vumbi kwenye kaunta, bado 8, mtu kakosea namba analia nimrudishie, 6, laini ya mtandao imekata, kichwa kinauma. Jua linazama nikaandika 3.

Kufunga. Droo nimehesabu ile ya kawaida, iko sawa. Kufuli nimebana, nimevuta mara moja. Mdogo wangu kanifuata na bodaboda yake. Zamani alikuwa ananijibu "umefunga dada" hata mara ishirini, kwa huruma tu, mpaka alipoitwa kliniki akaelezwa kwamba yale majibu ndiyo yanalisha ugonjwa.

"Hivi nimefunga?"

"Hilo silijibu dada. Panda."

Nikapanda.