Siku yangu na nzi wa matunda hapa Kisumu

Saa kumi na moja unusu alamu inalia, Kondele bado giza. Babu keshaamka, namsikia akitafuta slipa. Ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili, mwaka wa nne sasa.

Saa moja niko maabara. Kabla hata ya chai nafungua inkubeta, kabati la joto la kufugia nzi, nyuzi 25, afadhali, juu wiki jana stima zilipotea usiku kucha joto likapanda ikabidi kundi zima nilitoe kwa hesabu, iliniuma sana.

Saa tatu ndio kazi yenyewe. Nina nzi waliokula chakula chenye parakwati, ile dawa ya kuua magugu inayowaletea nzi dalili kama za Parkinson, na wengine chakula kisafi, kumi kumi kwa kila chupa. Nagonga chupa mezani mara tatu wote waanguke chini, halafu nahesabu ni wangapi watapita mstari wa sentimita 8 ndani ya sekunde 10. Nzi mwenye afya akianguka anapanda mara moja, ndivyo alivyoumbwa. Hawa wa dawa mmoja alipanda kidogo, akasimama, mguu ukatetemeka kwa kioo, akateleza. Nilirudia video mara tatu. Nimeona mkono wa babu ukifanya hivyo.

Saa saba chapo na ndengu. Kijana wa mwaka wa kwanza akaniuliza, "Sasa dada, nzi na binadamu wapi na wapi?" Nikamwambia karibu asilimia 75 ya jeni zinazohusika na magonjwa yetu ziko pia kwa nzi, na seli za dopamini, ile kemikali ya ubongo inayopungua kwa Parkinson, anazo, na yai linakuwa nzi kamili kwa siku kama 10 hivi, mgonjwa hawezi kukungojea vizazi vitatu ujue kitu.

Saa tisa Dakta alipitia daftari akasema niongeze chupa, kumi hazitoshi. Ni kweli.

Saa kumi napika chakula chao: unga wa mahindi, sukari, hamira, na aga ya kugandisha. Usipokoroga kinashika chini.

Saa moja usiku nyumbani. Babu alipulizia parakwati hiyo hiyo kwa miwa kule Muhoroni miaka mingi bila glavu. Siwezi kusema ndiyo ilimletea ugonjwa, nzi wangu hawawezi kunijibu hilo. Ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Leo wamepanda wangapi, mjukuu wangu?"

"Wa dawa wanne kwa kila kumi, babu. Wale wengine tisa."

Akanyamaza kidogo, akaniambia nimwongezee chai, nusu tu, isimwagike.