Kumbukumbu ya mradi wangu: kuimarisha kiwiliwili kwa ajili ya karate

Awamu ya kwanza ya mradi huu imekamilika, na nimeona vyema niandike nilipofika kabla sijaongeza uzito. Ninachokitafuta ni kiwiliwili kinachopokea nguvu kutoka nyongani na kuifikisha kwenye ngumi au mguu bila kuipoteza njiani. Ndiyo maana mazoezi ya kulala chali na kuinuka mamia ya mara hayamo katika ratiba yangu. Pingili 5 za kiunoni huzunguka kwa nyuzi chache tu. Mzunguko mkubwa wa teke hutoka kwenye nyonga na sehemu ya juu ya mgongo, huku misuli ya tumbo, ubavu na kiuno ikizuia uti wa mgongo usipinde pasipotakiwa.

Msingi wangu ni mazoezi matatu ya Stuart McGill, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada. La kwanza ni kuinua kichwa na mabega kidogo ukiwa umelala chali, goti moja likiwa limekunjwa na viganja vikiwa chini ya kiuno. La pili ni kujiinua kwa ubavu juu ya kiwiko. La tatu ni kupiga magoti na kushika sakafu, kisha kunyoosha mkono mmoja pamoja na mguu wa upande wa pili. Kila mkao hushikiliwa kwa takriban sekunde 10, nami hupunguza marudio kwa kila raundi: 6, kisha 4, kisha 2. Sifanyi mazoezi ya kujikunja mara tu baada ya kuamka, kwa kuwa diski za mgongo hufyonza maji usiku na hubanwa zaidi mtu anapoinama.

Jambo lililobadilisha mazoezi yangu zaidi ni utafiti ambao McGill na wenzake waliuchapisha mwaka 2010 kuhusu wapiganaji wa kiwango cha juu. Walibaini kwamba katika pigo moja misuli mingi hukaza mara mbili: pigo linapoanza, na tena linapogonga, katikati yake hulegea, na kulegea huko ndiko kunakoupa mguu kasi. Kwa maoni yangu, kulegea kwa wakati ni kugumu kuliko kukaza, na mpiganaji anayekaza tumbo muda wote hujipunguzia kasi mwenyewe. Kwa hiyo ninapopiga pedi huanza polepole, nikitoa pumzi fupi na kali pale tu pigo linapogusa, na siongezi kasi mpaka mabega yabaki yamelegea njiani. Teke langu la mzunguko sasa linarudi chini bila kuniyumbisha, ingawa upande wa kushoto bado unachelewa kukaza.

Awamu ijayo itakuwa na kubeba uzito kwa mkono mmoja huku nikitembea wima, kusukuma mbele utepe wa mpira unaovutika uliofungwa kwenye nguzo kando yangu bila kuruhusu kiwiliwili kigeuke, na kurusha mpira mzito ukutani kwa marudio machache yenye mapumziko marefu, nikianza kila mara na upande wa kushoto.