Matukio Huru na Matukio Tegemezi: Tuulize Kabla ya Kuzidisha

Katika mada za hisabati za Kidato cha Nne, uwezekano ni mada ambayo mwanafunzi anaweza kupata maswali mengi mfululizo bila kuelewa anachokifanya. Sababu ni kanuni ya kuzidisha: akiona neno "na" katika swali, mkono unakimbilia kuzidisha uwezekano wa tukio la kwanza kwa ule wa tukio la pili, na kwa kuwa maswali mengi ya mazoezi yanahusu sarafu na dadu, jibu linatoka. Wanafunzi wa mtaani kwetu Sinza ninaowasaidia hesabu nyakati za jioni hufanya hivyo karibu wote, wala siwalaumu, maana ndivyo walivyozoeshwa. Hata hivyo, kuna swali la msingi linalorukwa: je, nikipata habari za tukio la kwanza, makadirio yangu kuhusu la pili yanabadilika? Yasipobadilika, matukio ni huru. Yakibadilika, ni tegemezi.

Huwa natumia mfuko wa kitambaa wenye gololi 5, nyekundu 3 na nyeupe 2. Mwanafunzi akichomoa moja, akaitazama, akairudisha na kuutikisa mfuko, gololi ya kwanza haina la kutuambia kuhusu ya pili, na uwezekano wa kupata nyekundu mara zote mbili ni 3/5 × 3/5, yaani 9/25. Asipoirudisha, na ikiwa ile ya kwanza ilikuwa nyekundu, zinabaki gololi 4 ambazo nyekundu ni 2 tu, hivyo jibu ni 3/5 × 2/4, yaani 3/10. Hadi hapo wote huwa tuko pamoja.

Ugumu unaanza ninapomwambia achomoe gololi ya kwanza na kuificha kiganjani bila mtu yeyote kuiona, kisha nikauliza uwezekano wa ya pili kuwa nyekundu. Wengine husema haujulikani, wengine hutaja 2/4. Ukizikokotoa njia zote mbili, yaani nyekundu ikifuatwa na nyekundu (6/20) na nyeupe ikifuatwa na nyekundu (6/20), jumla ni 12/20, ambayo ni 3/5 ileile ya mwanzo. Gololi imetoka mfukoni, lakini kwa kuwa hatukuiona, haijatupa habari yoyote. Sasa ligeuze swali: gololi ya pili imeonekana ni nyekundu, je, ile iliyofichwa kiganjani ina uwezekano gani wa kuwa nyekundu? Ni 6/20 kugawanya kwa 12/20, yaani 1/2, wala si 3/5 tena. Tukio la baadaye limebadilisha makadirio yetu kuhusu tukio lililokwisha kupita, na hapo ndipo mwanafunzi anapoanza kuona kwamba utegemezi katika hisabati si lazima uwe wa tukio moja kusababisha jingine. Ni suala la taarifa.

Jambo hili wakazi wa Dar es Salaam tunalijua hata bila kalamu. Ukisikia kwamba Mto Msimbazi umefurika pale Jangwani na mabasi ya mwendokasi yamesitishwa, utakadiria papo hapo kwamba na barabara za Mikocheni zimejaa maji, ingawa maji ya Jangwani hayafiki Mikocheni. Mvua ndiyo inayoyaunganisha matukio hayo mawili, na anayezidisha uwezekano wake kana kwamba hayahusiani atapata namba ndogo mno kuliko hali halisi.

Kosa hilo liliwahi kumuumiza mtu. Mwaka 1999 nchini Uingereza, mwanasheria Sally Clark alitiwa hatiani kwa kuwaua wanawe wawili wachanga. Profesa wa tiba ya watoto, Roy Meadow, aliieleza mahakama kwamba uwezekano wa kifo cha ghafla cha mtoto mchanga katika familia kama ile ni 1 kwa 8,543, kisha namba hiyo ikazidishwa kwa yenyewe hadi kufikia 1 kwa takriban milioni 73. Lakini watoto wa tumbo moja hushiriki damu na hulelewa katika nyumba moja, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haki ya kuvichukulia vifo hivyo kuwa matukio huru bila ushahidi, na Jumuiya ya Kifalme ya Takwimu ya nchi hiyo ililisema hilo waziwazi mwaka 2001. Hukumu ilitenguliwa mwaka 2003, hasa kwa sababu ya matokeo ya vipimo vya maabara yaliyokuwa hayajawekwa wazi, na majaji wa rufaa waliikosoa pia takwimu ile.

Wanafunzi huchanganya pia matukio huru na matukio yasiyoweza kutokea pamoja, ilhali haya ya pili, kila moja likiwa na uwezekano wa kutokea, ni tegemezi kabisa: ukijua moja limetokea, jingine limekufa.

Nawapa pia dadu moja, mrusho mmoja. "Namba shufwa" na "zaidi ya 4" ni matukio huru, kwa sababu 1/2 × 1/3 ni 1/6, na kweli ni 6 pekee inayotimiza yote mawili. Badilisha liwe "zaidi ya 3": 1/2 × 1/2 ni 1/4, lakini 4 na 6 zinatimiza yote mawili, yaani 1/3, na uhuru umekwisha.